Uzi wa Maji Bombani

Nyumba tuliyopewa Nachingwea ilikuwa na vyumba viwili, bati juu, sakafu ya saruji, na kwenye ukuta wa upande wa jikoni, bomba la maji. Vyumba sikuvijali. Nimezaliwa katika nyumba ya udongo na nyasi, na nyumba ya nyasi ina ubaridi wa mchana ambao bati haliupati hata likipigiwa magoti. Bomba ndilo lililonifanya nisimame uani na mzigo kichwani, nisiutue, mpaka mume wangu akaniuliza kama nimeota mizizi.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya hamsini, wakati mashamba makubwa ya karanga yalikuwa yameanza kupungua kelele lakini bado watu walikuwa wengi mjini, na mume wangu alikuwa dereva wa lori. Safu yetu ilikuwa na nyumba sita na bomba moja. Kwa kuwa lilitokea kwenye ukuta wetu, lilihesabika letu. Likiziba, naulizwa mimi. Likikatika maji, naulizwa mimi, kana kwamba nimeyaficha chini ya kitanda. Sikuchukia. Nilikuwa nimetoka mahali ambapo maji hayaji kwa mtu, mtu ndiye anayekwenda kwa maji.

Kwetu ni upande wa Ruangwa, kando ya mto Mbwemkuru. Kiangazi mto ule hauna maji ya kuonekana kwa macho, maji yamo chini ya mchanga, na wanawake huyachimba. Unachimba mpaka shimo linakufika mabegani, unakaa chini, unasubiri. Yanatoka polepole, nawe unayachota kwa kata, kata moja, kata nyingine, mpaka mtungi ujae. Na shimo lina adabu zake. Aliyelichimba ndiye anayeteka kwanza. Hulikaushi mpaka chini. Na kabla hujaondoka unachora kwa kidole kwenye ukuta wa shimo njia ndogo, ili maji yaendelee kuchuruzika kama uzi wakati haupo. Kisima kilichoachwa bila uzi, walisema wakubwa zetu, hudhani kimekataliwa, na maji yake huhama. Hilo tulifundishwa tukiwa wasichana wadogo kabisa, kabla hata ya kufundishwa kupika.

Baada ya kuteka ndipo kazi inaanza, maana mtungi lazima upandishwe ukingo wa mto, na ukingo ule ni mkali. Nikiwa kwetu nilipoteza mimba mbili, zote kiangazi. Ya kwanza ilitoka siku niliyopandisha mitungi miwili kwa kuwa kulikuwa na msiba jirani na maji yalitakiwa mengi. Ya pili niliilinda, nikawa nabeba kidogo kidogo, nayo ikatoka hivyo hivyo, tena ikiwa kubwa zaidi. Mimba ya tatu iliponikuta Nachingwea, mganga wa zahanati alinisikiliza habari zangu zote bila kunikatiza, akasema neno moja ambalo nililikariri njia nzima ya kurudi nyumbani: nisibebe kitu kizito, na nisipande mlima wala kushuka bonde mpaka nijifungue.

Ilikuwa rahisi kumtii. Bomba lilikuwa hatua chache kutoka jikoni.

Bibi yangu mzaa mama alikuja kunitunza. Alishuka kwenye lori la mume wangu, mzigo wake ukiwa mkeka, kuku mmoja na chupa ya mafuta ya ufuta ya kunichua tumbo. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye hakungoja kupewa, jioni ile ile alilikuta nyuma ya mlango akaenda kupalilia mihogo yangu. Kiswahili alikijua kwa mapande mapande, cha sokoni, na kila alilotaka lieleweke vizuri alilisema kwa Kimwera. Kama desturi ya bibi na mjukuu, mimi nilikuwa mke mwenzake na mume wangu alikuwa mume wake, na kila mume huyo aliporudi safari, Bibi alimpokea kwa malalamiko kwamba kanga mpya zote ananipa mimi. Mume wangu aliona haya mpaka masikio. Mimi nilicheka mpaka mtoto akanigonga tumboni.

Basi kwa muda wa miezi kadhaa tuliishi vizuri, na bomba letu lilidondosha. Sina budi kueleza kwamba hakuna aliyeliona hilo kuwa ni kasoro. Wanawake wote wa safu yetu walitoka nchi za visima: Wamwera, Wayao, Wamakua. Kila mmoja akishateka, alizungusha mpini wa bomba mpaka maji yakapungua, yakapungua, yakabaki uzi, hapo akaacha. Hatukuwahi kupanga. Hatukuwahi hata kulizungumza. Mikono yetu ndiyo iliyoona kwamba kuyafunga maji mpaka yakatike ni kama kumfungia mgeni mlango usoni. Chini ya uzi ule kulikaa ndoo, na ndoo ikijaa mtu aliichukua, kwa hiyo tulijiona watu waangalifu sana wasiopoteza kitu.

Mnyapara wa maji hakutuona hivyo. Alikuwa mtu wa pwani, mnene, mwenye baiskeli iliyolia kwa uzito, na maneno yake yalitoka yakiwa yamepigwa pasi. Siku moja ya kiangazi kikali, mikorosho ikiwa imeanza kutoa maua, alisimama mbele ya bomba letu akaitazama ndoo, akautazama uzi, akavua kofia.

"Akina mama," alisema, "haba na haba hujaza kibaba, nakubali. Lakini hiyo haba yenu usiku na mchana inanimalizia tangi."

Akatueleza. Maji yalikuwa yanasukumwa na mashine kutoka mbali, mwaka ule mvua ilikuwa haba, na tangi lilikuwa likifika asubuhi limebaki tope. Safu zilizokuwa na mabomba yanayovuja zilikuwa zinafungiwa. Alikuwa ameshaziba mawili kwa kizibo cha chuma, na wenyewe sasa walikuwa wanateka bondeni.

"Napita tena Jumamosi asubuhi. Nikikuta linadondosha, hata tone moja, naliziba. Msinichukie. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Akapanda baiskeli yake akaenda. Mimi nilibaki nimeshika ukuta. Bonde lile nilikuwa nimeliona kwa mbali tu, lakini niliujua mteremko wake kama ninavyoujua ukingo wa Mbwemkuru, maana miteremko yote inafanana kwa mwanamke mwenye mtungi. Mume wangu alikuwa ameondoka na lori kwenda Mtwara, na kurudi kwake kulitegemea barabara. Bibi alikuwa na nguvu za kupalilia mihogo, si za kupandisha ndoo kutoka bondeni mara tatu kwa siku. Majirani wangenisaidia wiki moja, mbili. Wao pia walikuwa na watoto, waume na migongo. Nilijua mwisho wake. Siku moja nyumba ingekosa maji kabisa na mimi ningejitwika ndoo nikisema ni moja tu. Nilikuwa nimeshasema hivyo mara mbili maishani.

Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nakasirika. Niliwakusanya wanawake wa safu nikawaambia kuanzia leo mpini unazungushwa mpaka mwisho, anayetaka kuachia uzi akaachie kwao. Walinitazama kama mtu aliyesema tule daku mchana. Mmoja aliuliza kwa upole kama siogopi maji kuhama. Nikamwambia haya hayahami, yamefungwa kwenye chuma tangu kule yanakotoka. Nikalifunga mbele yao, nikakaza kwa mikono miwili.

Likaendelea kudondosha.

Nikakaza tena mpaka kiganja kikauma. Tone likavimba kwenye mdomo wa bomba, likaning'inia, likaanguka. Nyuma yake likaja lingine. Ule uzi tuliokuwa tukiuachia kwa adabu zetu ulikuwa umepita mahali pamoja miezi yote hiyo, na ukala kitu huko ndani. Sasa hata tulipotaka kulifunga, bomba lilikuwa limeshasahau kufungika.

Nilikwenda kwenye karakana kumtafuta fundi wa bomba. Karani aliniambia fundi ni mmoja, yuko kwenye mashine za kusukumia maji, na akirudi ana mabomba mengi kuliko langu. Hakunijibu vibaya, ila jibu lake halikuwa na Jumamosi ndani yake. Nikarudi polepole, mkono tumboni.

Kesho yake asubuhi nilikuta mambo mabaya zaidi. Nilikuwa nimelifunga kwa nguvu jioni, likawa linatoa tone moja moja. Sasa lilikuwa linatiririka kama zamani, uzi mzima. Bibi alikuwa ameketi jikoni akichambua mboga.

"Bibi, bomba nani kalifungua?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ulilinyonga."

"Bibi, hiki si kisima."

"Kuna maji?"

"Kuna maji."

"Basi kisima," alisema Bibi, akaendelea na mboga zake.

Nilimsemesha maneno mengi, mengine makali kuliko yanavyopaswa kusemwa kwa mzaa mama, hata kama ni mke mwenzako. Nikamweleza mnyapara, Jumamosi, kizibo, bonde. Alitia mboga sufuriani. Uso wake ulifungika kabisa. Nikadhani haelewi, nikamwambia tena kwa Kimwera, akasema amesikia mara ya kwanza.

Ijumaa ikafika, mume hajarudi, fundi hajaonekana. Ndipo nikajiambia kwamba chuma kile kiliunganishwa na mikono ya mtu, na mikono mingine inaweza kukifungua. Sikuwa mjinga kabisa wa mambo hayo. Siku moja, nikiwa foleni zahanati, nilikuwa nimekaa mkabala na fundi alipolifungua bomba la uani pale. Alikuwa amenipa ubavu, na mikono yake niliiona. Kwanza alifunga maji huko yanakotokea. Kisha alizungusha kichwa cha bomba kwa spana mpaka kikatoka chote na mpini wake. Kisha akachomoa kipande kidogo chenye mguu kama uyoga, na kwenye kofia ya uyoga ule palikuwa na kiduara cha ngozi. Alikitupa kile cha zamani, akaweka kipya, akarudisha kila kitu kwa mpangilio ule ule kinyumenyume. Mafundi wanakiita washa. Mimi nilikiita ngozi, kwa kuwa kilikuwa ngozi.

Spana niliipata kwa jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa Kiyao ambaye mumewe alifanya kazi gereji na ambaye kicheko chake kilisikika mpaka stesheni. Aliileta mwenyewe, akasema hakosi tamasha hili. Wanawake wengine wakajaza ndoo, sufuria, hata beseni la kuogeshea mtoto. Nikatandika ungo chini ili kila nitakachokitoa nikipange humo kwa zamu yake, kama mtu anayefumua ukili akiwa na nia ya kuusuka tena. Koki kubwa ya safu yetu ilikuwa kwenye kishimo mwisho wa nyumba, chini ya kifuniko cha chuma. Kuinama pale kwa tumbo langu nilikataa, nikamtuma jirani.

"Umefunga?" nikapiga kelele.

"Nimefunga!"

Nikashika spana, nikazungusha. Kichwa cha bomba kiligoma, kikalia, kikalegea. Nikazungusha tena, na tena, na mara kikaruka mkononi mwangu na maji yakanipiga usoni, kifuani, yakaingia mpaka kwenye mikono ya gauni. Ungo ukaelea. Watoto wa safu wakashangilia kama ni sikukuu.

"Umefunga au hukufunga?" niliuliza maji yakinitoka puani.

Jirani alikuwa amesimama kwenye kishimo, mikono kiunoni, ameudhika kweli. "Nimefunga! Nimeyaachia kidogo tu. Kuyafunga kabisa, jamani, ni adabu hiyo?"

Nilitaka kumpiga na spana ya mumewe. Badala yake nilianza kucheka, naye akacheka kile kicheko chake cha stesheni, tukacheka wote tumelowa huku maji ya mnyapara yakienda zake kwenye mihogo. Kisha akarudi, akaikaza koki mpaka ikagota, amefumba macho kama anayechinja kuku kwa mara ya kwanza.

Nikachomoa ule uyoga. Ngozi yake ilikuwa imeliwa upande mmoja tu, kama embe lililotembelewa na popo, na mahali palipoliwa palikuwa laini kabisa. Uzi wetu ulikuwa umepita hapo. Niliwaonyesha wenzangu, kiduara kikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akipapasa pale palipoliwa.

Kwanza nilijaribu mpira. Jirani alikuwa na kipande cha mpira wa ndani wa tairi, nikakikata, nikakifunga kwa ile nati ndogo, nikarudisha kichwa, nikakaza. Koki ikafunguliwa. Bomba likatetemeka, likanguruma kama trekta linalopanda kilima, ukuta mzima ukalia, na maji yakapenya pembeni mwa ule mpira laini, mengi kuliko hata mwanzo. Nikafunga kila kitu upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilisema, lakini nilisema kwa sauti ndogo, maana ndoo za majirani zilikuwa zinapungua na macho yao yalikuwa yameanza kunitazama kwa namna nyingine.

Ilitakiwa ngozi. Na ngozi ngumu nyumbani kwangu ilikuwa moja, mkanda wa mume wangu wa siku za sherehe. Aliununua wa saizi ya watu walioshiba, na kwa kuwa yeye ni mwembamba, ncha yake ndefu ilikuwa inaning'inia mbele bila kazi. Nikauona mkanda ule ukutani na sikusita hata kidogo. Kwa kipimo nilichukua senti moja, zile zetu za zamani zilizokuwa na tundu katikati, nikailinganisha na ngozi iliyoliwa. Zilikuwa mapacha, tundu na yote. Nikailaza senti juu ya ncha ya mkanda, nikazungusha kisu pembeni yake, polepole, na katikati nikatoboa kwa msumari. Kikatoka kiduara ambacho fundi mwenyewe asingekicheka sana.

Lakini kilikuwa kikavu na kigumu kama ganda. Nilimkumbuka babu yangu jinsi alivyolainisha kamba za ngozi, nikaenda alikoketi Bibi. Tangu asubuhi alikuwa ametupa mgongo, hakutaka kuona bomba likipasuliwa.

"Bibi, naomba mafuta ya ufuta."

"Ya tumbo?"

"Ya bomba."

Aliinuka polepole. Kisha akaingia ndani, akaileta chupa, akanikabidhi bila kunitazama. "Bakisha ya tumbo," alisema.

Nikayapasha moto mafuta kidogo, nikakitumbukiza kiduara humo, nikasali adhuhuri, nikakaa. Kilipolainika nikakiweka kwenye uyoga wake, nati, kichwa, spana, kila kitu kutoka kwenye ungo kikirudi kwa zamu yake. Nikamwambia jirani afungue. Maji yakaja kwa kishindo kwenye bomba, nikayaacha yatoke, meupe kwanza, kisha safi. Nikazungusha mpini. Yakapungua. Yakawa uzi. Nikasikia wanawake nyuma yangu wakisogea karibu. Nikaupita ule uzi, nikazungusha kidogo zaidi, na maji yakakatika.

Nilifuta mdomo wa bomba kwa upindo wa kanga. Nikaweka kiganja chini yake nikangoja. Nikangoja mpaka jirani akasema, "Mwenzetu, unaombea?" Kiganja kilikuwa kikavu. Nilihisi mabega yangu yakishuka peke yao, kumbe nilikuwa nimeyapandisha tangu siku ile ya mnyapara. Nilifurahi, tena si kidogo, na nikawaambia wote kwa sauti kwamba nimefurahi, ili asije mtu akadhani maji ya machoni ni ya bomba.

Jumamosi alfajiri, adhana haijaisha, niliusikia mpini ukilia nje. Niliruka kitandani kwa namna ambayo mganga asingeipenda. Bibi alikuwa amesimama mbele ya bomba na kanga yake kichwani, mkono kwenye mpini, na maji yakitoka kwa nguvu zote yakimwagika miguuni mwake.

"Bibi!" Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayefukuza mbuzi. "Anakuja leo! Nimekuambia anakuja leo, unataka nini? Unataka nikateke bondeni?"

Aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa na sikujua kama ni maji.

"Nilidhani yamehama," alisema. "Kimya usiku kucha. Sikulala. Nikasema yamehama, na huyu atarudi kwenye mtungi."

Kisha akaendelea kwa Kimwera, kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na bomba. Kwetu mtoto ambaye hakufika huzikwa na wanawake wazee peke yao, na mama yake haulizi wapi. Sikuwahi kuuliza. Sasa Bibi aliniambia kwamba wale wangu wawili aliwazika yeye, kwa jembe lake, na kwamba wa pili alikuwa na kucha. Akasema hana tena mikono ya kuchimba shimo la namna hiyo. Ndiyo maana kila siku kabla sijaamka alikuwa anakuja kuufungua ule uzi: ili maji yasiniache.

Nilisimama pale miguu ikiwa imelowa. Hasira yote ilikuwa imeniishia, nikawa sijui nifanye nini na mikono. Tulikuwa tumegombania bomba lile wiki nzima, mimi nalifunga na yeye analifungua, na sote wawili tulikuwa tunamlinda mtu yule yule.

"Hayakuhama, Bibi," nilimwambia. "Unayaona."

"Nayaona."

"Yamelala tu. Ukifungua, yanaamka. Funga uone, kisha fungua tena."

Alifunga mpaka kwenye uzi, mkono wake ukasita hapo kwa mazoea ya miaka sabini. "Nikaze mpaka wapi?"

"Mpaka yanyamaze."

Akakaza. Yakanyamaza. Akahesabu pumzi zake, akafungua, yakaja. Akafunga. Akafungua. Alirudia hivyo mpaka kukapambazuka, na mimi nikamwacha, nikasema hata tangi lote likiisha na liishe. Mara ya mwisho alipofunga, alipangusa mdomo wa bomba kwa kanga yake mwenyewe, akaondoka kwenda kuwasha moto.

Mnyapara alifika jua likiwa limechomoza vizuri. Safu nzima ilikuwa milangoni ikijifanya inafagia. Alisimamisha baiskeli, akainama kwa taabu, akatazama. Akaweka kiganja. Akatia kidole kwenye mdomo wa bomba, akakitoa, akakinusa.

"Linanukia ufuta," alisema.

"Ndiyo, bwana mnyapara."

"Fundi nani kalitengeneza?"

"Mimi."

Alinitazama, akalitazama tumbo, akaitazama spana ambayo jirani alikuwa bado ameishika kama bendera. Nikaona anatafuta methali na haipati. Mwishoni alivaa kofia yake, akasema, "Haya, mama, hongera," akapanda baiskeli ikalia, akaenda safu nyingine. Kizibo cha chuma, ndani ya mfuko wake ulioning'inia kwenye usukani, kilikuwa kinagongana na kengele alivyokuwa anakwenda.

Nilikaa chini palepale kwenye saruji, miguu nimeinyoosha mbele, na nikapumua. Sijui kama kuna raha nyingine inayofanana na ile, ya mtu aliyekuwa amesubiri jambo baya kisha likapita na baiskeli. Jirani aliniletea uji. Mume wangu alirudi siku ya pili yake, akaukuta mkanda wake hauna mkia, akauliza kama panya wa siku hizi wanatumia senti kupimia. Bibi alimjibu kwamba mume asiye na tumbo hahitaji mkanda mrefu.

Niliibeba mimba ile mpaka mwisho wake, kitu ambacho mwili wangu haukuwahi kukifanya. Uchungu ulinianza asubuhi ya mvua kubwa. Jirani alinishika mgongo, na Bibi, kwa kuwa maji ya moto yalitakiwa, alikwenda mwenyewe bombani. Nilisikia maji yakiingia kwenye ndoo, nikasikia ndoo ikijaa, nikamwona akiingia nayo mlangoni, ameinama, mvua ikimtiririka usoni. Na katikati ya maumivu yale, kwa mazoea tu, nikauliza.

"Bibi, umefunga?"

"Nimefunga," alisema. "Zaa wewe."

Nikazaa. Alikuwa wa kike, mzima, na Bibi alipomweka kifuani kwangu alimshika kwanza vidole, kimoja kimoja, akazitazama kucha zake zote, kisha akaketi sakafuni akaanza kulia kwa sauti.